Likizo Yetu Kando ya Ziwa Kivu

Katika likizo ya Desemba 2023 baba yangu alituchukua sote, yaani mama, dada yangu, mdogo wangu wa miaka saba na mimi, tukatoka kwetu Uganda kwenda kupumzika karibu na Gisenyi katika nchi ya Rwanda. Hatukukaa katika hoteli. Baba alikuwa amepanga vyumba vitatu na jiko katika nyumba ya ghorofa iliyo mashambani, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kutoka ziwani. Sisi tulikaa juu, na chini alikaa mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima aliyesema Kiswahili vizuri, kwa kuwa siku nyingi alifanya biashara Goma, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya mpaka.

Nataka kuwaeleza wasomaji habari za ziwa lile, maana nilikwenda nikidhani kwamba nayajua maziwa, kumbe siyajui.

Ziwa Kivu liko juu sana, kama mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na maji yake hutoka kwa Mto Ruzizi kwenda Ziwa Tanganyika. Sisi tuliozoea Ziwa Viktoria tulistaajabu kuambiwa kwamba humo hamna mamba wala kiboko. Basi tukaogelea bila hofu. Usiku tuliona taa za wavuvi zikimetameta mbali, na asubuhi tukanunua sambaza, samaki wadogo kama dagaa. Asili yao ni Ziwa Tanganyika. Waliletwa Kivu katika miaka ya mwisho ya 1950. Mama alisema hajapata kuona ziwa pole kama lile.

Siku ya tatu, asubuhi mapema, mdogo wangu alikuwa akicheza mpira nyuma ya nyumba. Mpira ukabingirika ukaingia katika shimo lililo kati ya mawe meusi ya volkano. Shimo lenyewe si refu; mtu mzima akisimama ndani lingemfika kifuani. Mtoto akakimbia kuufuata. Mara tukasikia mwenye nyumba akipiga kelele, "Usishuke! Usishuke!" Akamshika shati yake ukingoni kabisa. Mimi nikasema, "Mama, niache mimi nishuke, mimi ni mkubwa." Akanijibu, "Hata baba yako hashuki humo."

Akaenda jikoni, akaleta kipande cha gazeti amekifunga kwenye ncha ya mti. Akakiwasha, akakishusha polepole shimoni. Kilipofika katikati moto ukazimika mara moja, kama uliotiwa majini. Akatuonyesha na ndege mdogo aliyekufa chini, karibu na mpira wetu. Akasema, "Haya ndiyo mazuku. Mbuzi wangu wawili wamekufa humu. Kosa ni langu. Ilinipasa kuwaambia siku ile mlipofika."

Mazuku ni nini? Ni hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Katika nchi ya volkano hupenya kutoka chini ya ardhi kwa nyufa za mawe. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haipandi juu bali hutulia mabondeni na mashimoni, kama maji yanavyotulia katika bakuli. Haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Hatari yake huzidi usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo wala jua la kuitawanya. Mbuzi na watoto hufa upesi kuliko watu wazima, kwa sababu pua zao zi karibu na ardhi. Tena, anayeshuka kumwokoa mwenzake naye huanguka papo hapo. Wataalamu wa volkano wamelichukua neno hilo la wenyeji, wakaliandika katika vitabu vyao vya Kiingereza na Kifaransa pasipo kulibadili.

Mama yangu alitaka turudi nyumbani siku ile ile, hasa baba alipomweleza kwamba hata ziwa lenyewe lina hewa ndani yake. Nami niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa sayansi, akanipa vitabu. Jambo lenyewe ni hivi.

Kina cha Ziwa Kivu kinafika mita 485. Chini kabisa huingia chemchemi zenye maji ya chumvi. Maji hayo ni mazito, kwa hiyo hayapandi kuchanganyika na ya juu. Hukaa kwa matabaka. Katika matabaka ya chini imeyeyuka hewa ya ukaa kiasi cha kilometa za ujazo 300, pamoja na methani, hewa iwakayo moto, kiasi cha kilometa za ujazo 60. Uzito wa maji ya juu huikandamiza isitoke, kama kifuniko kinavyozuia soda ndani ya chupa.

Je, kifuniko kikifunguka? Jambo hilo lilitokea Kameruni katika ziwa dogo liitwalo Nyos. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 hewa ya ukaa ilitoka majini ghafula, ikashuka mabondeni, ikaua watu wapatao 1,700 na ng'ombe wao. Ziwa Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, na watu kama milioni mbili wanakaa kandokando yake.

Lakini tusiishie kwenye hofu. Mwaka 2002 volkano Nyiragongo ililipuka, uji wa moto ukapita katikati ya Goma ukaingia ziwani. Wataalamu walipopima waliona matabaka ya chini hayakuvurugika. Ikalipuka tena Mei 2021, wakati maelfu ya watu wa Goma walipokimbilia Gisenyi, na ziwa likatulia vile vile. Zaidi ya hayo, tangu 2016 kule Karongi mtambo unaoelea huvuta maji ya chini kwa mabomba. Maji yakipanda, hewa hutoka kwa mapovu. Methani hutengwa ikaendesha mashine za umeme wa megawati 26, na maji hurudishwa chini. Hivyo kitu cha kuogopwa kimefanywa taa za watu.

Turudi kwa mama yangu. Jioni ile alimwuliza mwenye nyumba, "Dada yangu, mwawezaje kulala mahali kama hapa?" Akajibiwa, "Mama watoto, shimo hili nalijua, ndiyo maana nalala. Nisilolijua ndilo lingeninyima usingizi." Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tutakaa. Lakini lisiachwe wazi."

Kesho yake baba na mimi tulikata miiba, tukalizungushia shimo ua mpaka kifuani. Mpira tuliuvuta kwa mti mrefu wenye kulabu, sisi tukisimama mbali na ukingo. Mdogo wangu hakuucheza tena nyuma ya nyumba. Aliuchezea mbele, tena kila alipopita mtoto wa jirani alimwita akamwonyesha ule ua na kumweleza sababu yake.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi wenzangu, mkienda ugenini, msiulize tu njia ya sokoni na bei ya samaki. Waulizeni wenyeji ni wapi pasipokanyagwa, na kwa nini. Nanyi mlio wenyeji, msingoje mpaka mpira uangukie shimoni. Mwambieni mgeni siku ile ile anapofika.