Bomba Moja au Mawili? Hesabu ya Ekzosi kwa Mwenye Gari la Kasi

Mwenye gari anayetoka Ringwani kwenda Mugumu au Tarime kutafuta fundi wa bomba la moshi hurudi mara nyingi na maneno mawili kichwani: kwamba gari likifungwa mabomba mawili litaongeza nguvu, na kwamba litauzika kwa bei nzuri zaidi. Maneno hayo hayana budi kupimwa kabla fedha ya ng'ombe waliouzwa mnadani haijahamia mfukoni mwa fundi. La kwanza ni kweli kwa magari machache, na la pili kwa wanunuzi wachache zaidi.

Magari ya kasi si mengi katika kata hiyo, na barabara zake za vumbi hazikutengenezwa kwa ajili yake. Hata hivyo Subaru, Crown, Mark X na Altezza zilizotumika Japani zimekuwa akiba ya mali kwa watu wengi nchini, kama zilivyo ng'ombe. Mwenye nazo huzitumia msimu mmoja au miwili, kisha huziuza. Kwa hiyo kila kinachofungwa au kukatwa chini ya gari ni sehemu ya mtaji wake.

Tuanze na umbo la injini, kwa kuwa hapo ndipo jibu linapopatikana. Injini ya silinda nne au sita zilizopangwa mstari mmoja, kama za Altezza na Mark II, ina kichwa kimoja, na moshi wake wote hutokea upande mmoja. Kulifunga gari kama hilo mabomba mawili maana yake ni kuugawa mkondo mmoja nyuma kabisa, karibu na bampa, baada ya kuwa umekwisha kupita katika bomba moja mwendo wote. Injini haipati faida yoyote. Anayepata ni macho. Subaru ina silinda zilizolala pande mbili, lakini hata yenyewe hukusanya moshi katika bomba moja chini ya sakafu kabla ya kuugawa tena nyuma. Wenye Legacy wanaoamini kuwa midomo yao miwili ndiyo siri ya mwendo wangefaa kuinama na kutazama.

Mambo hubadilika kwa injini za V, yaani V6 ya Mark X na Crown za kuanzia miaka ya 2000, na V8 ya Land Cruiser. Hizo zina vichwa viwili, na kila upande una mkondo wake wa moshi toka kiwandani. Hapo mfumo wa mabomba mawili una maana halisi, na fundi anayejua kazi huunganisha mikondo hiyo kwa kipande kifupi katikati ili msukumo wa upande mmoja usaidie kuvuta moshi wa upande wa pili.

Kwa waliobaki, hesabu ya dukani inatosha. Bomba la inchi 3 lina uwazi wa inchi za mraba 7.07. Mabomba mawili ya inchi 2 kila moja yana uwazi wa inchi 6.28 kwa jumla. Mduara wa bomba la inchi 3 ni inchi 9.4, na wa yale mawili ukijumlishwa ni inchi 12.6. Kwa lugha ya mfanyabiashara, mteja wa mabomba mawili amenunua theluthi moja zaidi ya bati, akapata nafasi pungufu ya moshi kupita kwa asilimia 11. Bado hajalipia sailensa ya pili, vishikizo vya pili, wala kuchomelea mara mbili.

Gari lenye turbo moja hutoa moshi wote kwa mlango mmoja. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997. Mwenye turbo anayetaka mwendo atafute bomba moja pana lenye kona chache, na atatumia fedha kidogo zaidi.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Ziwa Victoria lenyewe liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi hupanda kuelekea Serengeti. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila meta 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Gari lililonunuliwa Dar es Salaam likionekana zito Mara, kosa si la bomba, na bomba jipya halitarudisha hewa iliyobaki pwani.

Sasa masega, ambayo ndiyo penye fedha. Kazi ya kubadili ekzosi huanza kwa kukata, na kinachokatwa mara nyingi ni kile kibuyu chenye vitundu kama vya nyuki, kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ili kusafisha moshi. Mafundi wengi huambia wateja kuwa masega huziba na kuua injini. Usemi huo ulikuwa na msingi zamani: petroli yenye risasi huharibu masega, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006 tu. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana pia juu ya mafuta yasiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Sababu imekwisha, mazoea yamebaki. Na mazoea hayo yana mnunuzi anayesubiri.

Fundi anayetoza bei ndogo ya kushangaza kwa mabomba mawili, kwa sharti kwamba "vyuma vya zamani" vibaki kwake, huenda amekwisha kulipwa. Masega moja lina gramu chache tu za madini hayo, lakini rodiamu ilipita dola za Marekani 29,000 kwa aunsi mwaka 2021, sawa na zaidi ya dola 930 kwa gramu. Paladiamu ilipita dola 3,000 kwa aunsi Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kwa vile Urusi ni miongoni mwa wachimbaji wake wakubwa.

Waliojifunza biashara hiyo wakati ule na kurundika masega stoo wakingoja bei ipande zaidi waliumia. Rodiamu ilishuka chini ya dola 5,000 kabla ya mwaka 2023 kwisha, na paladiamu ikawa chini ya dola 1,000 mapema mwaka 2024. Hayo yanafaa kukumbukwa na mwekezaji mdogo anayeshawishiwa kununua masega kwa rejareja vijijini na kuyapeleka mjini: bei hupangwa na migodi ya Afrika Kusini na viwanda vya magari vya ng'ambo, na yeye huwa wa mwisho kupata habari. Masega ya asili ya Kijapani na ya kubandika baadaye hayalingani thamani hata yakiwa na uzito mmoja. Wanunuzi wenye uzoefu husoma namba iliyogongwa juu ya kibuyu. Anayekadiria kwa jicho anakadiria kwa faida yake. Tena mali ya wizi ni nyingi katika biashara hii, na asiyeuliza kitu kimetoka gari gani anaweza kuulizwa yeye na polisi.

Kwa mwenye gari, masega yakiondoka taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, maana kihisi cha oksijeni kilicho nyuma yake hakioni tena kinachotarajia. Mnunuzi mjuzi huiona taa hiyo na kupunguza bei, au huinama na kukuta kiungo cha kuchomelea mahali palipokuwa na kibuyu. Mwenye kutaka kubadilisha na ayatoe mazima, ayafunge katika gunia na kuyaweka nyumbani pamoja na bomba la asili. Gari likifika siku ya kuuzwa, vyote virudishwe.

Barabara nayo ina neno. Mabomba mawili hupunguza uvungu, na mitaro inayochimbwa na mvua za masika hugonga kwanza kinachoning'inia. Wakati wa kiangazi, bomba lililoshushwa karibu na ardhi huweza kuwasha nyasi gari likiegeshwa porini, kwani sehemu za mbele za mfumo huo hupata joto la mamia ya nyuzi. Katika wilaya inayopakana na hifadhi na yenye malisho makavu, moto mmoja unaweza kugharimu kuliko gari.

Kuhusu bati, bomba la chuma cha kawaida ni rahisi na kila fundi hulichomelea, ila kutu hulimaliza upesi. Lililopakwa alumini hudumu zaidi. La chuma kisichoshika kutu hudumu kuliko yote, lakini huhitaji fundi mwenye vifaa vyake, na likipasuka njiani si kila karakana ya Nyamongo au Mugumu itaweza kulishika.

Kabla ya kulipa, injini iwashwe ikiwa ya baridi, na mtu mmoja azibe midomo ya nyuma kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache. Palipovuja patalia. Gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu ikipenya sakafuni hulevya abiria bila wao kujua, na safari ya Ringwani hadi Tarime madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi ni ndefu ya kutosha kwa hilo. Kiungo kilicholia kichomelewe upya palepale, fedha ikiwa bado mkononi mwa mteja.