Kutafuta Maneno ya Kiingereza kwa Herufi Zake

Mzee mmoja wa milima ya Vidunda, katika wilaya ya Kilosa, alishuka bondeni kumtazama binti yake. Alipokuwa akirudi aliokota kando ya njia kopo zuri lenye kifuniko, akasema moyoni mwake, "Hili litafaa sana kutilia asali." Kopo lilikuwa limebandikwa karatasi yenye maandishi ya Kiingereza, lakini mvua na mchwa walikuwa wameiharibu. Neno kubwa la juu halikusomeka lote. Mwanzo ilionekana herufi p, na mwisho herufi s, o, n. Katikati palikuwa na nafasi ya herufi 2 zilizoliwa.

Mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la sita, alipomwona akamwamkia, kisha akasema, "Babu, nakuomba usitie asali kwanza. Nipe nilitafute neno hili."

Je, alilitafutaje? Kabla ya kujibu, na tujifunze kwanza jinsi kazi hii ifanywavyo.

Kiingereza kina herufi 26. Katika hizo, q na x hatuzitumii katika maneno yetu ya Kiswahili, wala c haikai peke yake, ila hufuatana na h. Tena neno la Kiswahili kwa desturi huishia kwa vokali, yaani a, e, i, o au u. Kiingereza sivyo. Neno "strength", maana yake nguvu, lina herufi 8, na vokali yake ni moja tu. Kwa hiyo atafutaye maneno ya Kiingereza asiyapime kwa kipimo cha Kiswahili.

Sasa twaeni jina la Kilosa. Herufi zake ni k, i, l, o, s, a. Je, zatoa maneno gani ya Kiingereza? Mtu aweza kudhani kwamba yafaa kuzipanga kila namna mpaka maneno yatokee. Lakini hesabuni: mahali pa kwanza paweza kukaa herufi yo yote ya zile 6, pa pili yo yote ya 5 zilizobaki, na kuendelea hivyo hata mwisho. Zidisheni 6 kwa 5, kwa 4, kwa 3, kwa 2, kwa 1, mtapata namna 720. Na hapo bado hatujahesabu maneno mafupi. Kazi hiyo yachosha bure.

Iko njia iliyo bora. Kiingereza hupenda kuweka vokali mbili pamoja, kama oi, ai na oa. Wekeni jozi hizo katikati, kisha zizungusheni konsonanti pande zote mbili. Kwa oi mtapata "soil", udongo. Kwa ai, "sail", tanga la chombo. Kwa oa, "soak", kulowesha. Kisha tazameni konsonanti zipendazo kufuatana, kama lk na sk: mtapata "silk", hariri, na "ask", kuuliza. Vivyo hivyo q karibu siku zote hufuatwa na u, na t, s au c mara nyingi hufuatwa na h. Ajuaye jozi hizi amekwisha kufika nusu ya safari.

Lakini jihadharini na kosa moja. Mwanafunzi aweza kuandika "koala", jina la mnyama wa Australia, akadhani amepata. Hakupata, maana neno hilo lina a mbili, na Kilosa ina moja tu. Herufi iliyokwisha tumika haitumiki tena, ila ikiwa imeandikwa mara mbili.

Turudi sasa kwa yule kijana. Kazi yake ilikuwa ya namna nyingine: herufi 4 zilikuwa mahali pake, na 2 zimepotea. Akafikiri hivi: "Kati ya p na s lazima pawe na vokali." Akaanza kutia vokali mara baada ya p, moja moja kwa taratibu. Kwa a akapata "parson", kasisi. Kwa e akapata "person", mtu. Kwa o akapata "poison", sumu. Kisha akaiweka vokali mahali pa pili, akapata "prison", gereza. Basi akawa na maneno 4, yote yakiingia sawasawa katika nafasi ile.

Akafungua kamusi penye herufi p, akahakikisha kwamba yote ni maneno ya kweli. Kamusi hufanya kazi hiyo vizuri. Ile ya Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 1939, iliyotengenezwa na Frederick Johnson, imewasaidia wengi. Lakini kamusi haikuweza kumwambia ni neno lipi kati ya hayo 4. Hapo ilimpasa kutumia akili. Ni nani aandikaye "mtu" juu ya kopo? Wala kasisi na gereza havitiwi koponi. Limebaki moja.

"Babu," akasema, "kopo hili lilikuwa na sumu."

Mzee akalitazama kopo, akautazama na mtungi wa asali uliokuwa tayari miguuni pake, akanyamaza. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, na kopo likafukiwa shimoni mbali na nyumba na mbali na maji. Asali ililiwa jioni ile na watoto wote wa nyumba.

Basi kumbukeni: herufi zatuonyesha maneno yawezayo kuwapo, kamusi yatuonyesha yaliyo ya kweli, na maana ya jambo lenyewe yatuonyesha lipi ndilo.

MAZOEZI

1. Katika herufi za IRINGA, tafuta maneno ya Kiingereza yenye maana ya mvua, pete, hewa na nafaka.
2. Katika herufi za MOROGORO, tafuta neno lenye maana ya chumba, na lenye maana ya bwana arusi.
3. Jina la MIKUMI lina herufi 6 kama Kilosa, lakini hutoa maneno machache sana. Eleza kwa nini.