Ua wa Minyaa na Handaki la Mgeni

Jioni kwetu Manyamanyama, Tanzania, ng'ombe wakishaingia, mwenye mji hulaza miti langoni, mmoja juu ya mwingine, na boma limefungwa. Ua wenyewe ni minyaa. Utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni utajuta kupapasa mji wa watu usiku. Lakini mwizi wa ng'ombe aliyedhamiria hazuiwi na minyaa; anazuiwa na mbwa, majirani na yowe.

Ua huo una ndugu zake wakubwa. Ukivuka mpaka pale Sirari, katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, kuna Thimlich Ohinga: kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji tangu karne ya 16 hivi, nyingine zikifikia mita 4. Malango ni mafupi. Kila anayeingia huinama, na aliyeinama hana ubabe. UNESCO iliyaingiza maboma hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Sembabule, Uganda, watu walichimba. Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga, ina mahandaki ambayo ukiyaunganisha yanapita kilomita 10, na mahali pengine yamechongwa mwambani kwa kina cha mita 4. Simulizi za wenyeji zinasema ni kazi ya Bachwezi, watawala wa kale wa simulizi hizo. Mugenyi ni mgeni, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Wanaakiolojia Peter Shinnie na Merrick Posnansky walifukua hapo miaka ya 1957 na 1960. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya karne ya 14 na ya 16.

Wengi huiita ngome. Mimi nina shaka. Handaki refu namna hiyo nani angelilinda usiku kucha? Lakini ndani yake makundi ya ng'ombe yangeenea, na mtawala angeonekana kuwa mtawala. Uingereza nako, hasa kati ya 1250 na 1350, wenye mashamba walizungushia nyumba zao mahandaki ya maji; yanajulikana zaidi ya 5,000. Mengi yasingezuia jeshi. Yalifuga samaki, na yalimwambia mpita njia hapa anakaa nani.

Boma letu nalo husema hivyo hivyo: kabla hujabisha hodi umeshahesabu ng'ombe wa mwenyeji wako.

Mwenye safari ya Migori asipite bila kuingia Thimlich Ohinga. Aende na watoto, na mawe ayaache yalipo.