Mtoto Anayemrukia Kila Mgeni

Jumamosi ni siku ya wageni katika vituo vingi vya kulelea watoto. Unga unashushwa, sabuni, pipi. Hujaketi vizuri, mtoto wa miaka mitatu ambaye hata jina lake hulijui ameshakukalia mapajani, anakuita mama. "Mchangamfu huyu!" wageni husema, simu zikitolewa. Mlezi mzoefu hafurahii sana. Mtoto wa umri huo mwenye mtu wake kwa kawaida humwonea mgeni haya kwanza. Hujibanza nyuma ya kanga, akachungulia.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliyachunguza mambo haya Uganda mwaka 1954 na 1955, akitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchezea kitu, kisha akirudi kwa mama kana kwamba anahakikisha bado yupo. Nadharia ya mtoto kushikamana na mlezi wake, tunayodhani ni ya Wazungu watupu, ilianza kupata ushahidi kwa akina mama wa Kiganda.

Kituoni, mama huyo ni zamu. Wa asubuhi anaondoka, wa usiku anaingia, wa tatu amepata kazi yenye mshahara mzuri zaidi. Mtoto mmoja humng'ang'ania kila mtu. Mwingine huanguka, goti likachubuka, asilie wala asimtazame yeyote. Huyu wa pili husifiwa kuwa hasumbui, ilhali naye ni wa kuhofiwa.

Walezi wengi hutoroka kimyakimya zamu ikiisha, mtoto asije akalia. Afadhali alie. Mwambie, "Naenda nyumbani, kesho asubuhi nitakuogesha mimi," kisha kesho umwogeshe wewe. Kijana mkubwa akikutukana baada ya wiki nzuri, huenda anapima kama nawe utamwacha. Mkanye, lakini usimhamishie kwa mwingine. Na mlezi aliyekua hivyohivyo, bila mtu wake, matusi hayo humchoma mara mbili. Anahitaji msimamizi wa kumsikiliza, si barua ya onyo.

Bora zaidi ni familia. Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituoni, wengine wakapelekwa kwa familia za kulea. Waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliofanikiwa zaidi kushikamana na walezi wao. Kenya nayo ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kwenye familia.

Kwa sasa, mfadhili aulize mlezi mmoja ana watoto wangapi, na amedumu muda gani. Akiambiwa walezi hawakai kwa sababu ya mshahara, fedha zake aziweke hapo, ingawa mshahara haupigwi picha.