Goti la Rebeca Andrade na Hesabu ya Muda

Agosti 2024, jijini Paris, Rebeca Andrade wa Brazil alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika jimnastiki ya sakafuni kwa alama 14.166, mbele ya Simone Biles aliyepata 14.133. Wengi waliusimulia ushindi ule kama kisa cha moyo usiokata tamaa, kwa sababu goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kufanyiwa upasuaji mara tatu. Moyo anao, hakuna anayebisha. Lakini ukifuatilia miaka yake kwa utulivu utaona kwamba kilichomwokoa zaidi ni muda: muda alioukosa mwanzoni, muda alioupata bila kuutarajia, na hatimaye uamuzi wa kuligawia goti kazi linayoiweza.

Tuanze na kilichochanika. Ndani ya goti, kati ya mfupa wa paja na muundi, umepita utepe mfupi ambao madaktari huuita ligamenti ya msalaba ya mbele. Wapenzi wa soka wanaujua kwa herufi zake tatu, ACL, maana umewaweka wachezaji wengi nje ya uwanja. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele na goti lisijipinde kupita kiasi. Mwanajimnastiki huutishia utepe huo kila siku. Anapotua, nguvu inayopita miguuni inaweza kufika mara kumi ya uzito wake. Tena anatua akitoka kwenye mzunguko. Chukua mruko uitwao Amanar, ambao Andrade aliutumia kwenye Olimpiki ya Tokyo: mwili unabinuka hewani huku ukijizungusha mara mbili na nusu, na anayeruka anatua akiwa ameipa mgongo meza aliyorukia, bila kuiona vizuri ardhi inayomjia. Mzunguko ukichelewa kidogo, nyayo zinaganda kwenye godoro huku mapaja bado yanageuka. Goti ndilo linalobeba tofauti hiyo.

Kanuni za uamuzi nazo zinachangia, na hapa nadhani mchezo wenyewe unastahili kuulizwa. Hatua ndogo baada ya kutua hukatwa 0.1, hatua kubwa 0.3, na kuanguka alama 1 nzima. Kuchuchumaa sana nako kunaadhibiwa. Goti lingependa kukunjika taratibu na kuiachia nguvu itoke kwa hatua mbili tatu, ila mwamuzi anataka mtu asimame hapo hapo. Dhahabu ile ya Paris ilipatikana kwa tofauti ya 0.033, yaani chini ya theluthi ya hatua moja ndogo. Nani atakubali kuzisogeza nyayo ili kulihurumia goti?

Ligamenti hiyo ikikatika kabisa, ni nadra kujiunga vizuri yenyewe. Daktari huchukua kano kutoka sehemu nyingine, mara nyingi nyuma ya paja au chini ya kifuniko cha goti, akatoboa mifupa na kuipitisha humo. Kinachofuata ndicho watu wengi hawakijui. Kano hiyo ni kama mche uliohamishwa kutoka kitaluni: hunyauka kwanza ndipo ishike. Katika wiki za mwanzo huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa, kwa kuwa haijapata mishipa yake ya damu, na kuimarika kwake huendelea kwa mwaka mmoja au zaidi. Hatari yake ni kwamba mgonjwa hujisikia amepona mapema mno. Uvimbe umeisha, maumivu yametulia, anakimbia, ilhali ndani kazi haijakamilika. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza isipungue miezi tisa kabla ya kurudi mashindanoni, na mguu uliopasuliwa upimwe nguvu ukilinganishwa na mwenzake.

Sasa itazame kalenda ya Andrade. Alichanika mara ya kwanza mwaka 2015, akiwa na miaka 16. Olimpiki ya Rio, nyumbani kwao, ilikuwa mwaka uliofuata. Aliwahi, akamaliza wa 11 kwa jumla ya vifaa vyote. Mwaka 2017, akijiandaa kwa mashindano ya dunia ya Montreal, goti lile lile likachanika tena. Mwaka 2019, kwenye mashindano ya taifa ya Brazil, mara ya tatu. Bila yeye, timu ya Brazil ilishindwa kufuzu Tokyo, kwa hiyo ikambidi aitafute nafasi peke yake.

Kisha janga la korona likaiahirisha Olimpiki kwa mwaka mzima. Kwa wanamichezo wengi yalikuwa maafa. Kwa goti lake ulikuwa mwaka ambao hakuna kocha angethubutu kuuomba. Alifuzu Juni 2021, wiki chache tu kabla ya Michezo, akaondoka Tokyo na fedha ya jumla na dhahabu ya kuruka. Mwaka 2022, huko Liverpool, akawa bingwa wa dunia wa vifaa vyote.

Kuna upande ambao picha za hospitali hazionyeshi. Ligamenti ya asili ina neva zinazoujulisha ubongo goti liko wapi, na ya kupandikiza haizirudishi zote. Ubongo unajifunza upya, na hofu inajifunza pamoja nao. Andrade amezungumza waziwazi kuhusu kazi aliyoifanya na mwanasaikolojia Aline Wolff, na nadhani kuitaja kazi hiyo sambamba na ya daktari mpasuaji ni haki kabisa.

Baada ya Paris alisema ataachana na sakafu, kifaa kilichompa dhahabu, kutokana na mzigo unaoiangukia miguu yake. Wapo waliosikitika. Mimi niliona hesabu ile ile ya muda, safari hii imepigwa mapema. Sakafuni anayeshindana hutua kwa kishindo mara tatu au nne ndani ya dakika moja na nusu, na kwa kila mara moja tunayoiona, mazoezini kuna nyingine nyingi. Kwenye fito na boriti, sehemu kubwa ya kazi haimwagi uzito wote magotini, na huko bado ana mengi ya kushindania.