Kwa nini printa nzima hukataa kuchapa baada ya mfumo kubadilishwa?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wamiliki wengi wa kompyuta wamelazimika kufikiria mfumo mwingine. Kwa mwenye kibanda cha kuchapa nyaraka Gihundwe, wilayani Rusizi, au ng'ambo Bukavu, swali huwa moja: je, printa yangu itaendelea kufanya kazi?

Jibu halimo ndani ya printa. Mfumo endeshi haujui lugha ya kila kifaa. Huhitaji programu ndogo iitwayo kiendeshi, au draiva kama wasemavyo mafundi, inayogeuza amri ya jumla, "chapa ukurasa huu", kuwa ishara ambazo kifaa hicho kinazifahamu. Ikikosekana, printa ya thamani hugeuka sanduku tu.

Baadhi ya viendeshi hujengwa ndani ya kiini cha mfumo, vikaamka pamoja nacho kompyuta inapowashwa. Vingine hukaa diskini kama moduli, vikapakiwa pale tu kifaa kinapochomekwa. Linux hutumia njia zote mbili, na hapo pana fumbo: ikiwa kiendeshi cha diski kimehifadhiwa katika diski ileile, nani atakisoma? Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Ndiyo maana programu ya kuwashia, ikitegemea huduma za msingi za bodi ya kompyuta, hupakia kwanza furushi dogo lenye viendeshi vya lazima.

Kiendeshi kinachoingia katika kiini hupewa mamlaka makubwa mno. Tarehe 19 Julai 2024, faili yenye kasoro iliyosomwa na kiendeshi cha kampuni ya usalama ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Safari za ndege ziliahirishwa, hospitali zikarejea kwenye karatasi.

Kwa printa, tatizo huwa la kawaida zaidi: mtengenezaji aliacha kuandika viendeshi vya modeli ya zamani. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, hivyo kiendeshi cha biti 32 hakitaifaa. Linux, kwa upande wake, huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote diskini. Chomeka printa, chapa ukurasa mmoja, ndipo uamue.