Maji Yaliyomo Kwenye Asali: Yapimwe Kabla ya Kukamua



Katika maombi ya miradi yanayotufikia kutoka sharikani, ombi la mizinga halikosi. Kamati zinaomba mizinga kumi, ishirini, hata hamsini. Wafadhili nao hupenda kuchangia mizinga kwa sababu inahesabika na inapendeza kwenye picha. Si vibaya. Lakini katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo halionekani kwenye picha, nalo ni maji yaliyomo ndani ya asali. Kwa huku kwetu Morogoro, kati ya tambarare ya Mazimbu na miteremko ya Uluguru, jambo hilo ndilo linaloamua kama kikundi kitauza asali yake au kitaimwaga.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Msimu mmoja tuliwahimiza wanavikundi warine mapema, mvua zikiwa hazijakatika, kwa sababu ada za shule zilikuwa zinakaribia na sisi ofisini tulikuwa na taarifa ya kuandika. Masega yaliletwa Mazimbu kwenye ndoo, mengine yamezibwa kwa nta na mengine yako wazi. Yalikamuliwa yote pamoja siku hiyo hiyo, na asali ikamiminwa kwenye pipa moja kabla ya kugawanywa kwenye ndoo za kuuzia. Kwa macho ilikuwa asali nzuri. Baada ya wiki chache mifuniko ya ndoo ikaanza kuvimba, juu kukawa na povu, na harufu ikawa ya pombe. Mnunuzi aliyekuwa ameahidi kuichukua alionja, akafunika ndoo, akaaga. Kina mama walioleta asali iliyoiva walipata hasara sawa na walioleta mbichi, maana ikishaingia kwenye pipa huwezi tena kusema hii ni ya nani.

Wapo waliotushauri tuwape watengenezaji wa wanzuki ili isipotee yote. Tulicheka, ingawa hatukuwa na raha ya kucheka.

Kwa nini asali huchacha

Mbochi ambao nyuki huuleta kutoka kwenye maua huwa na maji mengi, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake. Ndani ya mzinga nyuki huutoa mdomoni na kuurudisha, huutandaza kwenye vitundu vya sega, kisha hupepea kwa mabawa usiku na mchana mpaka maji yapungue na kufikia karibu asilimia 18. Hapo ndipo huziba kitundu kwa nta. Asali iliyozibwa ndiyo tunayoiita asali iliyoiva.

Hata hivyo, asali yoyote huwa na hamira za asili, zile zinazostahimili sukari nyingi. Zinaletwa na nyuki kutoka kwenye maua, na nyingine hukaa kwenye masega ya zamani na vyombo visivyooshwa vizuri. Maji yakiwa chini ya asilimia 17.1, hamira hizo haziwezi kufanya kazi hata zikiwa nyingi. Kati ya 17 na 20 inategemea wingi wake, na hapo ndipo usafi wa ndoo na mikono unapookoa asali. Juu ya 20, asali iko hatarini hata kama mrinaji alikuwa msafi kiasi gani. Ndiyo maana viwango vya Codex Alimentarius, vinavyosimamiwa na mashirika ya FAO na WHO, vimeweka asilimia 20 kuwa kikomo cha maji kwa asali nyingi, na Umoja wa Ulaya unatumia kikomo hicho hicho.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni habari nyingine. Kwa asili yake ina maji mengi, aghalabu zaidi ya asilimia 25, na si kosa la mfugaji. Ihifadhiwe peke yake na iuzwe kwa jina lake. Ikichanganywa na asali ya nyuki wakubwa, huiharibu.

Jambo moja zaidi ambalo huwashangaza watu: asali inaweza kuchacha baada ya kuganda, hata kama ilikuwa salama ilipokuwa majimaji. Chembe za sukari zinapoganda huacha nyuma sehemu kubwa ya maji, hivyo ile asali laini iliyobaki katikati ya chembe inakuwa na maji zaidi ya kile kipimo cha mwanzo. Walioko juu milimani, kwenye baridi, ambako asali huganda upesi, wanalijua hili ingawa huenda hawakujua sababu yake.

Hewa ya Morogoro si hewa ya Tabora

Asali huvuta maji kutoka hewani na pia huyatoa, kulingana na unyevu wa hewa inayoizunguka. Wataalamu walikwisha kupima jambo hili. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 60, asali iliyoachwa wazi kwa muda wa kutosha hutulia kwenye maji ya asilimia 18 hivi. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 70, asali hufika 24. Ikiwa asilimia 80, hufika 33. Kwa hiyo ndoo iliyoachwa bila kifuniko usiku mmoja wa masika inakunywa maji, na inaanzia juu, mahali penye macho yetu.

Wenzetu wa Tabora na Singida hurina baada ya mvua kwisha, na hewa kavu ya huko inawasaidia bila wao kufanya lolote. Sisi tumekaa karibu na milima inayokamata mawingu ya baharini. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Huko juu nyuki wanapepea hewa ambayo yenyewe ina maji, na inawezekana kabisa wakaziba asali ambayo bado imevuka asilimia 20. Kwa mafunzo mengi, sega lililozibwa robo tatu limeiva. Kanuni hiyo tunaifuata, lakini kwa masega ya mashariki ya mlima tumejifunza kutoiamini peke yake.

Mazimbu iko bondeni, ng'ambo ya mji, karibu na mto Ngerengere, na hewa yake ni kavu kuliko ya mlimani. Wageni wanaijua kwa kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine, mahali ambapo chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikuwa na shule yake ya SOMAFCO kuanzia 1978 hadi 1992. Sisi tumepachagua kwa sababu rahisi zaidi: kuna umeme, kuna barabara, na mchana wa kiangazi kuna ukavu.

Kupima

Chombo kinachotumika kinaitwa refraktomita. Ni kidogo, kinashikwa mkononi kama darubini ya jicho moja, na bei yake haipiti ya mizinga michache. Unaweka tone la asali kwenye kioo, unafunika, unasubiri kama nusu dakika ili asali na kioo viwe na joto moja, kisha unaangalia kuelekea kwenye mwanga. Mstari unaotenganisha sehemu ya buluu na nyeupe unakuonyesha asilimia ya maji.

Yapo makosa tuliyoyaona mara kwa mara. La kwanza ni kujaribu kurekebisha chombo cha asali kwa maji, kama wanavyofanya wenye vyombo vya juisi. Haiwezekani, kwa kuwa vipimo vya asali havishuki hadi huko. Tumia mafuta au kijiwe cha kiwandani kilichokuja nacho. Kikipotea, mafuta safi ya zeituni yanaweza kusaidia: andika yalisoma ngapi siku chombo kilipokuwa sahihi, ulinganishe kila unapoanza kazi.

La pili ni joto. Vyombo vingi hujirekebisha vyenyewe, lakini vingi vinaishia nyuzi 30, na Mazimbu mwezi wa Februari mchana huvuka hapo. Pima asubuhi. Kama chombo chako hakijirekebishi na kimetengenezwa kwa nyuzi 20, kwa kila nyuzi moja ya ziada punguza sehemu moja ya kumi ya asilimia kwenye usomaji.

La tatu ndilo kubwa: kupima tone moja na kutangaza kuwa asali yote ni nzuri. Chukua tone kwenye vitundu vilivyozibwa na tone jingine kwenye vilivyo wazi, juu ya sega na chini yake, na kila mfugaji apimiwe peke yake kabla ndoo yake haijaungana na za wengine. Asali iliyoanza kuganda haisomeki sawasawa, isipimwe hivyo.

Wasio na chombo wenye mizinga ya fremu wanaweza kulaza fremu na kuitikisa kwa nguvu mara moja. Matone yakiruka, irudishwe mzingani. Wenye mizinga ya viunzi vya juu wasijaribu jambo hili, kwa sababu sega lao limeshikwa upande mmoja tu na likilazwa linakatika, asali yote inaishia kwenye nyasi. Kuhusu kuchovya kijiti cha kiberiti kwenye asali na kukiwasha, tunajua wengi wanauamini mtihani huo. Hautoi asilimia. Asali ya 19 na ya 22 zinaweza kutoa jibu moja.

Kupunguza

Mkaushaji bora ni nyuki. Kama sega halijaziba na mbochi bado unaingia, liache wiki moja au mbili. Kwa mzinga wa viunzi, sehemu iliyo wazi pembeni ikatwe kwa kisu na kuwekwa ndoo yake. Hiyo ni ya kutumia nyumbani mapema, si ya kuuza.

Masega yaliyokwisha kutolewa na bado yana maji hukaushwa chumbani kabla ya kukamuliwa, yakiwa yananing'inia na nafasi kati yake, feni ikipuliza. Kwa nini kabla? Kwa sababu ndani ya sega asali imegawanyika katika maelfu ya vitundu na hewa inaifikia. Ikishakuwa kwenye pipa, hewa inagusa uso wa juu tu. Hata hivyo, vitundu vilivyo wazi ndivyo hukauka upesi. Nta huchelewesha maji kutoka, hivyo sega lililozibwa likiwa na maji litachukua muda mrefu zaidi.

Hapa tulifanya kosa la pili. Tuliwasha feni wiki nzima ya mvua, madirisha wazi, tukiamini upepo unakausha. Kipimo kikapanda. Mzee mmoja aliyetoka mlimani alituuliza kwa upole kama nguo zetu tunazianika siku za mvua.

Tangu hapo chumba chetu kina haigromita ukutani, na ndiyo inayotoa amri. Ikisoma chini ya 55 tunafungua na kuwasha feni, kwa kawaida saa sita mchana hadi saa kumi wakati wa kiangazi. Ikipanda tunafunga. Joto kidogo husaidia sana: hewa ya asubuhi yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 30 bila kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 45 hivi. Tusivuke nyuzi 35, kwani sega jipya lenye asali hulainika na kudondoka. Mashine ya kukausha hewa ni bora zaidi pale umeme ulipo wa uhakika, na maji unayaona kwa macho yakijaa kwenye chombo chake. Madirisha yawe na wavu, la sivyo nyuki watakuja kuchukua mali yao.

Kuchemsha asali jikoni ili maji yatoke tusifanye. Joto huua vimeng'enya na kuongeza kemikali iitwayo HMF, ambayo Codex imeiwekea kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali inayotangazwa kuwa ya nchi za joto. Mnunuzi mwenye maabara ataiona.

Nani abebe kilo tano?

Sasa swali ambalo kamati zinapaswa kulijadili. Chukua kilo 100 za asali yenye maji asilimia 22. Ndani yake kuna kilo 78 zisizo maji. Ukiikausha mpaka 18, unabaki na kilo 95 tu. Kilo tano zimepaa, na wanachama wanauliza ziko wapi. Wengine wamewahi kumshuku mtunza ghala.

Tukilipa kwa uzito peke yake, aliyeleta asali mbichi anauza maji kwa bei ya asali, na aliyesubiri iive anamlipia mwenzake. Kwa hiyo tunapendekeza kila ndoo ipimwe mbele ya mwenyewe, usomaji uandikwe daftarini karibu na kilo zake, na malipo yahesabiwe kwa uzito ambao asali hiyo ingekuwa nao kwenye asilimia 18. Ndoo ya kilo 20 yenye maji 23 italipwa kama kilo 18.8. Iliyozidi hapo irudi nyumbani kwa mwenyewe.

Wajane wachache wenye mzinga mmoja mmoja wamelalamika kuwa hawawezi kusubiri, ada ni ada. Malalamiko yao ni ya haki. Kikundi kimoja kinafikiria kuwapa malipo ya awali masega yakiwa bado mzingani, na bado hawajakubaliana fedha hizo zitoke mfuko upi. Mfadhili mmoja aliyeahidi mizinga kumi tumemwandikia kumwomba atoe minane, na thamani ya miwili iende kwenye refraktomita, haigromita na wavu wa madirisha. Jibu lake tunalisubiri.